Somo la Redio: Mbwa wa Nyumbani

Kila mmoja ashike kalamu.

Asubuhi, kabla ya kwenda kisimani au dukani, mtilie mbwa wako maji. Mengine yatie kigaeni chini ya mwembe, shomoro watakunywa. Hiyo ni kazi ndogo.

Kazi kubwa ni chanjo. Kila mwaka mfunge mbwa kamba, umpeleke kwa bwana mifugo achanjwe asipate kichaa. Na paka pia, maana naye huambukiza. Watu wengi humsahau paka.

Ugonjwa huu umo katika mate. Mtoto aking'atwa, au hata akikwaruzwa, usingoje kuona kama mbwa ataugua. Usipake pilipili, wala mafuta, wala majani. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano. Atarudi kila siku atakayoambiwa, hata kama kidonda kimepona. Dalili zikisha kutokea, kama kuogopa maji, karibu hakuna anayepona.

Sasa someni tena, kwa sauti, mstari wenye neno sabuni. Kisha andikeni: dakika kumi na tano.