Neno Fupi, Mzigo Mzito



Tumeombwa tuzungumze juu ya kauli mbiu, yaani ile kauli fupi ambayo msikilizaji huondoka nayo mkutanoni na kuwapelekea wasiohudhuria. Hotuba ya saa nzima husahaulika njiani. Kauli fupi hufika nyumbani.

Tuutazame mwaka 1990. Tarehe 3 Mei, Kenneth Matiba na Charles Rubia walidai hadharani mfumo wa vyama vingi. Mkutano uliokusudiwa kufanywa Kamukunji tarehe 7 Julai ulipigwa marufuku, nao wawili hao wakatiwa kizuizini siku tatu kabla. Hata hivyo wananchi walijitokeza, na damu ikamwagika. Siku hiyo ikabaki na jina la Saba Saba. Neno moja likirudiwa mara mbili linabeba tarehe, msiba na dai, na hata asiyejua kusoma hulishika. Neno hilo nani angeliweka kizuizini?

Kisha vikaja vidole viwili, dhidi ya kidole kimoja cha KANU. Hapo hata sauti haikuhitajika.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Vidole viwili vilitwambia tunataka nini, havikutwambia tutakipataje. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992, FORD ilikuwa imekwisha kupasuka, Asili huku na Kenya kule. Tuliinua vidole vile vile, tukagawanya kura, na Rais Moi akashinda kwa kura pungufu ya nusu.

Mwaka 1997 wito ulikuwa wa aina nyingine: hakuna mageuzi, hakuna uchaguzi. Huo ulikuwa na dai na sharti ndani yake. Mageuzi yaliyopatikana mwaka huo kupitia IPPG yalikuwa haba, lakini serikali ililazimika kuketi mezani.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunapotunga kauli tujiulize mambo manne. Je, inasema jambo moja tu? Je, mama wa sokoni na makanga wa matatu wataitamka bila kujikwaa, na itafasirika kwa lugha zetu za nyumbani? Je, inamwonyesha mtu la kutenda? Na juu ya yote, je, ni kweli?

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Amani, upendo na umoja yalikuwa maneno matamu, yakaimbwa na watoto wa shule. Lakini katika kura ya mlolongo ya 1988, wenye mlolongo mfupi walitangazwa washindi mahali pengi. Uongo nao hukaririka.

Nabii Nathani alimsimulia Daudi kisa kifupi cha mwana-kondoo wa maskini, kisha akamwambia kwamba mkosaji ni yeye mwenyewe mfalme. Maneno yalikuwa machache, na mfalme akatubu. Nasi tuseme machache, tukiwa tayari kuyasimamia.