Dhamana na Fungu la Hasara Katika Kukodi Gari



Chama cha msingi kisicho na gari hulazimika kukodi: leo kuwapeleka wajumbe mkutanoni Moshi mjini, kesho kukagua maghala ya kahawa Kibosho au Rombo. Malipo ya siku huulizwa na kila katibu. Kinachosahaulika ni fedha zitakazodaiwa gari likirudi na dosari.

Yapo malipo ya aina tatu yasiyofaa kuchanganywa. Arubuni ni sehemu ya malipo ya kukodi, iliyotangulizwa. Dhamana ni fedha ya chama inayoshikwa na mwenye gari, na hurudishwa gari likikabidhiwa salama. Fungu la hasara ni kiasi cha kwanza cha gharama ya matengenezo ambacho mkodi hubeba mwenyewe kabla ya bima kulipa. Hivyo basi, kuambiwa kwamba gari lina bima kubwa hakumwondolei mkodi fungu hilo. Bima ndogo, nayo, hufidia madhara ya watu wengine tu. Gari lenyewe halimo.

Chukulia kwamba dhamana ni shilingi 500,000 na fungu la hasara ni shilingi 600,000. Matengenezo yakigharimu 1,500,000, bima italipa 900,000. Chama kitapoteza dhamana yote, kisha kitadaiwa 100,000 zaidi. Yakigharimu 400,000, bima haitalipa kitu. Chama kitarudishiwa 100,000 tu.

Baadhi ya wakodishaji hutoa kinga ya kupunguza fungu hilo. Ikiwa kinga ni shilingi 20,000 kwa siku, na fungu hushuka hadi 100,000, safari ya siku tatu itaongeza 60,000 zisizorudishwa, lakini hasara kubwa itakuwa na mpaka. Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba mara nyingi kinga hiyo huacha nje vioo, magurudumu na sehemu za chini ya gari. Katika barabara za mlimani wakati wa masika, penye tope na mawe, hizo ndizo hudhurika kwanza. Aidha, dereva mlevi au asiye na leseni huweza kukiondolea chama haki yote ya bima.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea ufunguo, katibu ahakikishe kwamba mkataba unataja kiasi cha dhamana, siku ya kuirudisha, fungu la hasara na mambo yasiyolindwa. Alizunguke gari pamoja na mwenyewe, waandike kila mkwaruzo, kiasi cha mafuta na gurudumu la akiba, kisha wote watie sahihi. Dhamana ipewe stakabadhi ya peke yake, na vitabuni iandikwe kuwa fedha inayodaiwa na chama, siyo matumizi. Ajali ikitokea, polisi na mwenye gari waarifiwe mara moja.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Dhamana isiyoandikwa hupotea hivyo hivyo, na anayeilipa ni mkulima aliyechuma kahawa yake punje kwa punje.