Somo la Uraia: Kura Yangu Ina Faida Gani?

Leo tutazungumza juu ya kura. Sitaki kukueleza namna ya kuipiga, maana jambo hilo walijua. Nataka tulitazame swali ambalo watu wengi hulisema chini chini: kupiga kura kuna faida gani, ikiwa serikali haitusikii?

Swali hilo niliulizwa na mzee mmoja katika darasa la jioni. Alisema, "Mwanangu, mimi nimepiga kura mara tatu, na mara tatu nimeahidiwa kisima. Mpaka leo mke wangu huamka alfajiri kwenda kuteka maji mtoni. Mara hii, siku ya kura, nitakwenda shambani kupalilia mihogo yangu."

Sikumwambia kuwa amekosea. Mtu aliyeahidiwa mara tatu asipate kitu ana haki ya kuuliza. Lakini na tuyatazame mambo yaliyotokea kweli, kisha upime mwenyewe.

Kwanza, nguvu ya kura moja. Mwezi wa Januari 1961, watu wa Unguja na Pemba walichagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Katika jimbo la Chake Chake, chama cha Afro-Shirazi kilishinda kwa kura moja tu. Chama hicho kikapata viti 10, Hizbu viti 9, na chama cha watu wa Unguja na Pemba viti 3. Wale watatu wakagawanyika, wawili wakaenda Hizbu, mmoja Afro-Shirazi. Basi kila upande ukawa na 11, hapakuwa na mwenye wingi wa kutawala, na uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni. Fikiri: kama watu wawili tu wa upande ulioshindwa pale Chake Chake, waliokaa nyumbani siku ile, wangalikwenda kupiga kura, kiti kingalikuwa cha wengine, na hesabu yote ingalibadilika.

Pili, waweza kusema, "Sisi hatuna la kuchagua, wote ni wamoja." Tazama Tanzania Bara, Septemba 1965. Chama kilikuwa kimoja tu, TANU. Lakini katika majimbo mengi watu waliwekewa wagombea wawili wa chama hicho hicho, mmoja akiwa na alama ya jembe, mwingine ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Mambo yalikuwaje? Wabunge wengi walikataliwa, na miongoni mwao alikuwa Bwana Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Watu hawakuiondoa serikali, lakini kila waziri aliyebaki alijua kuwa kiti chake si mali yake.

Tatu ndilo zito zaidi. Je, kura ikiharibiwa? Mwaka 1988, huko Kenya, wagombea wa chama cha KANU waliteuliwa kwa mlolongo, yaani watu walipanga mstari nyuma ya yule wamtakaye. Mahali pengine mwenye mstari mfupi alitangazwa kuwa ndiye mshindi, na watu wakitazama kwa macho yao! Wangaliweza kwenda zao na kusema, "Basi, kura ni upuuzi." Hawakufanya hivyo. Wachungaji, mawakili na raia wa kawaida walipaza sauti, na baadhi yao wakatiwa kizuizini. Desemba 1991 katiba ilibadilishwa kuruhusu vyama vingi, na Desemba 1992 watu wakachagua kwa kura ya siri. Hata hivyo KANU haikuondoka siku hiyo. Ilishindwa Desemba 2002, baada ya kutawala tangu 1963. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, nami sitakudanganya kuwa ilikuwa nyepesi.

Basi twajifunza nini? Kura peke yake haichimbi kisima. Hupigwa siku moja, na baada yake ziko siku nyingi za kukumbusha. Lakini asiyepiga kura akidhani anaonyesha hasira yake, ajue kuwa hasira hiyo haihesabiwi. Kiongozi asiyependa kuulizwa hufurahi sana ukienda kupalilia mihogo.

Nilimwuliza mzee wangu, "Ulipoona kisima hakiji, ulifanyaje?" Akajibu, "Nilikwenda ofisini mara mbili, nikaambiwa nirudi kesho." Alikwenda peke yake. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji na wenye mamlaka ya kuiondoa. Swali la mtu mmoja huambiwa lirudi kesho. Swali lililoandikwa katika kumbukumbu za mkutano ni vigumu kulifukuza.

Juma lililofuata mzee alikuja na daftari, akaandika kwa mkono wake maswali mawili ya kupeleka mkutanoni: fedha za kisima zilitengwa lini, na ziko wapi? Kisima hakijachimbwa bado. Lakini diwani alikuja, akasimama mbele ya watu, akajibu. Siku ya kura je, mzee alikwenda kituoni au shambani? Sikumwuliza. Kura ni siri yake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:
1. Mbunge au diwani wenu aliahidi nini? Nani aliyeandika ahadi hizo?
2. Mkutano mkuu wa kijiji au mtaa wenu ulifanyika lini mara ya mwisho? Nani kati yenu alihudhuria?
3. Andikeni swali moja mtakalouliza katika mkutano ujao, na mchague atakayelisoma.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.