Mgonjwa Aliyepasuliwa Saratani ya Tumbo: Kliniki Isiachwe

Leo nakusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hudhani limekwisha siku jeraha linapofunga.

Tarehe 29 Januari 1881, mjini Vienna, daktari Theodor Billroth alifaulu kuondoa sehemu ya mfuko wa chakula iliyoshikwa na saratani. Jeraha la mgonjwa wake lilipona, lakini maradhi yalirejea, naye akafariki baada ya miezi michache. Funzo lake ni kwamba kupona jeraha si kupona maradhi.

Kwanza, saratani hii ikirejea, mara nyingi hurejea katika miaka 2 au 3 ya mwanzo. Ndiyo sababu mgonjwa huitwa kliniki kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 2 ya kwanza, kisha kwa nafasi ndefu zaidi. Asingoje tarehe ya kadi endapo anakonda, anashindwa kumeza, anatapika mara kwa mara, anapata choo cheusi au macho yanageuka manjano.

Pili, chakula. Mgonjwa ale kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, atafune vyema, na maji anywe baina ya milo. Haluwa na chai ya sukari nyingi huweza kumletea kizunguzungu, mapigo ya moyo ya kasi na kuharisha. Asifunge saumu kabla ya kumwuliza daktari. Dini imempa mgonjwa ruhusa.

Tatu, aliyeondolewa mfuko wote hapati tena vitamini B12 ya kutosha kutokana na chakula. Akiba ya mwilini huweza kudumu miaka kadhaa. Ikimalizika, hutokea upungufu wa damu, ganzi ya miguu na usahaulifu, wakati jamaa wameshausahau upasuaji na wanatafuta sababu kwengineko. Ganzi hiyo ikicheleweshwa huenda isiondoke kabisa. Kinga yake kwa kawaida ni sindano za B12, na hizo ni za maisha yote.

Mwisho, wakuu wa idara wanaombwa wampe mfanyakazi wa namna hii ruhusa ya kwenda kliniki na nafasi ya kula akiwa kazini. Huo si upendeleo, ni sehemu ya tiba. Nanyi jamaa, zihifadhini karatasi za upasuaji, na kila daktari mpya aonyeshwe.