Pampu Inapotema Mapovu: Tutafute Hewa Inakoingilia

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye siku ya mafunzo ya vikundi vya kujisaidia vinavyotumia pampu za petroli kwa mboga na mabwawa ya samaki.)

Mimi si injinia. Ni mkulima kama ninyi, na jambo nitakalowaambia leo nililijua kwa hasara, tena hasara niliyoileta mwenyewe.

Nianze na kisa. Kikundi chetu kina watu 24. Tulichanga miaka miwili tukanunua pampu ya petroli ya kunyunyizia sukumawiki na nyanya kando ya mto, na kujaza bwawa la samaki. Tulimpa kijana mmoja kazi ya kuiendesha. Mwanzoni lita 4 za petroli zilitosha kumwagilia sehemu yetu yote. Baada ya miezi kadhaa zikawa 5, halafu 6, halafu karibu 7. Maji nayo yakawa yanakuja kwa kukohoa: puf, puf, maji, hewa, maji.

Basi, tulifanya mkutano. Mnajua mikutano ya namna hiyo. Hakuna aliyeuliza habari ya pampu. Kila mtu aliuliza, “Petroli inaenda wapi?” Tukasema kijana anaiuza. Mama mmoja aliyekuwa akishika mpira shambani alisema, “Lakini maji yenyewe yanatoka meupe kama maziwa.” Hatukumsikiliza. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, na mimi ndiye niliyemnyang'anya yule kijana funguo.

Tukaweka mtu mwingine. Petroli ikaendelea kuliwa vile vile. Tukasema sasa pampu ni mbovu, tufanye harambee tununue nyingine. Kabla ya hapo tukaona ni vizuri kumwita fundi. Alipofika hakuomba spana. Aliomba sabuni.

Nitawaambia alichokipata. Lakini kwanza tuelewane pampu inafanyaje kazi.

HEWA NDIYO INAYOSUKUMA MAJI

Watu wengi husema pampu inavuta maji. Kusema kweli, pampu inaondoa hewa ndani ya mpira, halafu uzito wa hewa ya nje unayasukuma maji yapande. Ni kama kunywa soda kwa mrija. Mrija ukiwa na tundu hata dogo kama ncha ya sindano, utavuta mpaka mashavu yachoke na soda haifiki vizuri mdomoni. Unapata mapovu.

Jambo hili lina historia. Huko Italia mafundi wa visima waligundua kwamba pampu ya kuvuta haiwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, hata ikiwa nzuri namna gani. Galileo aliandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1638, na karibu na mwaka 1643 Torricelli akaeleza sababu yake: ni hewa ya nje inayosukuma, na nguvu zake zina mpaka.

Sisi tunaoishi mahali palipoinuka tuna shida ya ziada. Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Mombasa mpaka huo ni mita 10 na kidogo. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya bahari, ni mita 8 na nusu hivi. Na huo ni mpaka wa hesabu tu, kwa sababu mpira, vali na pampu yenyewe hula sehemu ya nguvu hiyo. Kwa kazi ya kweli, Pwani usizidi mita 7 kutoka usoni pa maji hadi kwenye pampu. Huku juu nashauri mita 5.

Sasa shikeni neno hili moja. Mpira wa kusukuma, ule unaopeleka maji shambani, ukitoboka utaona maji yakiruka. Mpira wa kuvuta, ule unaotoka mtoni, ukitoboka huoni kitu. Maji hayatoki, bali hewa inaingia. Kwa hiyo mtu anatazama pale palipolowa, anafunga, anarudi nyumbani. Ugonjwa uko pale pakavu.

PITENI HATUA KWA HATUA

Ukiwasha pampu, mapovu ya dakika za kwanza ni kawaida. Ni hewa iliyokuwa ndani ya mipira. Lakini yakiendelea baada ya dakika 5 au zaidi, tafuteni sababu. Anzeni na mambo ya bure.

1. Tazama maji yenyewe. Je, chujio la mwisho wa mpira liko karibu na uso wa maji? Maji yakipungua, utaona shimo dogo linazunguka juu yake, kama maji yanapomalizika kwenye karai lenye tundu. Shimo hilo linanyonya hewa moja kwa moja. Shusha chujio liwe nusu mita au zaidi chini ya maji, lakini lisikae kwenye tope. Mapovu yakikoma, umepona. Kama mto ni mfupi wa kina, chimba kishimo, au elekeza ubao mpana uelee juu ya chujio ili shimo lisizunguke.

2. Tazama maji yanayorudi. Kwenye bwawa la samaki, watu wengine huzungusha maji: wanavuta upande huu na kumwaga hapo hapo. Maji yakianguka kwa nguvu yanaingia na mapovu, na pampu inayameza tena. Mwaga mbali na chujio. Hata wale wanaofuga samaki wa mapambo kwenye matangi ya kioo wana shida hii hii, ila pampu yao ni ndogo kama ngumi.

3. Safisha chujio. Majani na matope yakiziba, pampu inavuta kwa nguvu bila kupata. Utasikia sauti kama ya kokoto ndani yake. Sauti hiyo ni vipovu vinavyopasuka, na vinakula chuma.

4. Tazama mpira ulivyolala. Utoke majini ukipanda tu mpaka kwenye pampu. Ukiwa na nundu katikati, hewa inakaa kwenye nundu hiyo kama ng'ombe aliyelala njiani.

5. Jaribu viungo kwa sabuni. Tengeneza povu zito. Pampu ikiwa inafanya kazi, paka kwenye kila kiungo cha upande wa kuvuta. Pale povu linapovutwa ndani na kupotea, ndipo. Msipokuwa na sabuni, grisi nzito inafaa: ukipaka na mapovu ya mbele yakapungua, umepata. Angalieni mikono na nguo zisikaribie bomba la moshi wala sehemu zinazozunguka.

6. Jaribu mpira wenyewe. Zima pampu, ufungue mpira wa kuvuta, uninginize juu ya mti ile vali ya chini ikiwa chini, halafu ujaze maji. Subirini kidogo. Maji yakidondoka kwenye vali, basi vali haifungi: labda kuna jiwe dogo, au ngozi yake imechakaa. Yakidondoka katikati, mpira umepasuka. Ukifunga kwa kipande cha tyubu na waya ni msaada wa siku moja. Kata sehemu mbovu, uunge kwa klipu.

7. Mwisho, sili ya mhimili. Kama yote hayo ni mazima na mapovu bado yapo, hewa huenda inaingia pale mhimili unapoingilia kwenye pampu. Kazi hiyo mpeni fundi. Sili huharibiwa zaidi na kuendesha pampu ikiwa kavu. Kwa hiyo jaza maji kwanza, washa baadaye, na usiiache inguruma bila maji ukisema “itavuta tu”.

Wenye mabwawa, kumbukeni pia kwamba hewa inayosagwa ndani ya pampu inaweza kuyeyuka kwenye maji kupita kiasi na kuwaletea samaki vipovu mwilini na kwenye mapezi, hata wafe. Mkiwa hamjaziba, acheni maji yaanguke kwanza juu ya mawe au karai lenye matundu kabla ya kuingia bwawani, ili hewa ya ziada itoke. Kisha mzibe.

ONYO MOJA LA KUTUNZA UHAI

Mtu akisikia kwamba pampu isikae juu sana ya maji, atasema, “Basi tuishushe kisimani.” Hapana! Injini ya petroli haishushwi kisimani. Moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo hukaa ndani ya shimo. Anayeshuka kuizima anaanguka, anayeshuka kumwokoa anaanguka pia. Kando ya mto, kata ngazi kwenye ukingo ulio wazi, uweke pampu hapo upepo unapopita. Kwa kisima kirefu, tafuteni pampu ya aina nyingine inayosukuma kutoka chini.

TULICHOKIPATA SISI

Narudi kwa yule fundi. Alipaka povu kwenye kiungo cha kwanza, likakaa. Cha pili, likakaa. Pale mpira unapoungana na pampu, povu likaingia ndani, fyuu, kama limeitwa. Akafungua. Ndani, badala ya ile washa ya mpira iliyokuja na pampu, palikuwa na kipande cha ndala kilichokatwa kwa kisu.

Akauliza, “Nani aliweka hiki?”

Wenzangu wakatazamana. Mimi sikumtazama mtu. Miezi mingi nyuma, tulipokuwa tukihamisha pampu, washa ilianguka majanini. Ilikuwa jioni, mboga zilikuwa zimenyauka, nikakata ndala yangu nikaweka, nikasema nitanunua nyingine Jumamosi. Jumamosi ilipita na nyingine zikapita. Ndala ikakauka, ikapasuka. Washa mpya tuliinunua kwa shilingi 50. Siku iliyofuata lita 4 zilitosha tena.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa karibu kununua pampu nzima, na tulikuwa tumeshabomoa jina la kijana wa watu.

Nilisimama mbele ya kikundi nikasema ni mimi. Kisha tulikwenda watu watatu nyumbani kwa mama yake. Mama alitupa chai, akanyamaza. Kijana akasema, “Mzee, nimesikia. Lakini mlinitangaza sokoni, mkaja kuniomba msamaha nyumbani.” Alikuwa na haki. Tulirudia maneno yale siku ya soko, watu wakisikia. Hakurudi kazini wiki hiyo wala mwezi huo. Alirudi msimu wa pili, na sharti lake lilikuwa moja: pampu iwe na daftari.

Ndilo daftari hili nililolishika. Kila siku tunaandika tarehe, saa ya kuwasha na ya kuzima, lita zilizotiwa, sehemu iliyomwagiliwa, na kama maji yalitoka safi au na mapovu. Petroli ikipanda, tunatazama mstari wa mapovu kwanza kabla ya kutazamana usoni. Kingine: tuna mfuko wa washa mbili za akiba, klipu mbili na kipande cha sabuni, unaoning'inia kwenye pampu yenyewe.

Basi, ndugu zangu, mkirudi nyumbani wiki hii, washeni pampu zenu, mtie mwisho wa mpira wa kusukuma kwenye ndoo, mtazame. Na yule anayeshika mpira akisema maji yamekuwa meupe kama maziwa, msikilizeni siku hiyo hiyo.

Sasa tutoke nje. Sabuni ipo, na pampu ya kikundi cha wenyeji inakohoa tangu asubuhi.