Msingi wa Nyumba Unaotitia, na Njia ya Kuutengeneza
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mmetuagiza tuseme juu ya nyumba zinazopasuka, nasi twaitika kwa furaha, kwani jambo hili lagusa mfuko wa kila mtumishi. Karani hujenga mara moja maishani, aghalabu kwa kiinua mgongo chake. Ukuta ukipasuka hana fedha ya pili ya kujengea. Ndiyo maana wengi hushikwa na hofu, wakaziba ufa kwa lipu na kupaka chokaa. Mvua ya pili ikija, ufa hurudi pale pale.

Kwanza yatupasa kujua ya kuwa si kila ufa ni ugonjwa wa msingi. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kama utando wa buibui, aghalabu ni za lipu yenyewe iliyokauka upesi. Ufa wa msingi mara nyingi hupanda kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali, tena huwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili; nao hupenda pembe za madirisha na milango. Mlango uliokuwa ukifunga vema huanza kukwama. Hapo mtu na atwae kipande cha kioo chembamba, akigandishe juu ya ufa, kisha aandike tarehe. Kioo kikivunjika, nyumba ingali yaenda. Kikidumu kizima mwaka mzima, masika na kiangazi, yaelekea nyumba imekwisha kutulia, na kazi iliyobaki ni kuziba tu. Sisi tumezoea kuandika tarehe za watu wengine ofisini. Tusione haya kuweka daftari ya ukuta wetu wenyewe.

Adui mkubwa ni maji. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga, au wa Embakasi na nyanda za Athi, hufura ukilowa na kunywea ukikauka. Nyumba iliyo juu yake hupandishwa na kushushwa kila mwaka, wala si sawasawa: pembe inayomwagiwa maji ya bati huinuka, na pembe iliyo karibu na mkaratusi hushuka, maana mizizi yanyonya maji ya chini. Pengine sababu ni bomba linalovuja kwa siri, au shimo la choo cha zamani lililofukiwa bila kushindiliwa.

Basi dawa ya kwanza ni rahisi: mifereji ya bati, sakafu ya saruji iliyoinama kuzunguka nyumba, na mtaro wa kupeleka maji mbali. Ziko nyumba zilizopona kwa hayo tu. Walakini msikimbilie kukata mti mkubwa wa siku nyingi. Katika udongo wa namna hii, mti ukiondoka maji hurudi, udongo hufura, na ukuta ulioshuka jana huinuliwa kesho kwa nguvu.

Isipotosha hayo, ndipo tunapochimba chini ya msingi na kuupa msingi mwingine. Hapa ndipo penye khatari. Ukuta hugawanywa kwa vipande vya futi tatu au nne, navyo hutiwa namba. Havichimbwi kwa kufuatana: huanzwa cha kwanza, kisha cha nne, kisha cha pili, na hivyo hivyo, ili ukuta usikose kushikwa pande zote mbili. Shimo hushuka hata kufikia udongo mgumu usiobadilika kwa majira. Humwagwa zege, ikaachwa nafasi ya kama inchi tatu chini ya msingi wa zamani. Zege ikisha kushika, nafasi ile hushindiliwa mchanga na saruji vyenye unyevu kidogo tu, kwa gogo na kwa nguvu. Kwa kuwa zege hunywea ikauka, na kama ingalijazwa hata juu ingaliacha mwanya, kazi yote ikawa bure. Ndipo shimo la jirani hufunguliwa.

Fundi anayelipwa kwa kipande atataka kuchimba ukuta wote kwa siku moja. Mkatazeni. Atakayeangukiwa ni kibarua aliye shimoni, si fundi aliyesimama juu wala sisi tulioagiza kazi. Kuta za shimo zizuiwe kwa mbao, hata kama mbao zaongeza gharama.

Kazi hii ina heshima ya kale. Kanisa kuu la Winchester, Uingereza, lilipokuwa likididimia kwa kuwa sehemu yake ilisimama juu ya udongo laini wenye maji, mzamiaji aitwaye William Walker alifanya kazi chini yake tangu mwaka 1906 hata 1911, akipanga mifuko ya zege kwa kupapasa gizani. Jengo lile lasimama hata leo.

Mwenye nyumba ya ghorofa, au mwenye ufa upitishao kidole, asimwachie mwashi peke yake. Amwite injinia kwanza. Na wale wanaonong'ona kwamba afadhali kupaka chokaa na kuuza, twawaambia wazi: mnunuzi naye aghalabu ni mtumishi kama sisi, na fedha yake ni kiinua mgongo. Mwonyesheni daftari ya kioo, mpatane bei mbele ya ufa.

Masika yakisha, wenye daftari wazilete katika mkutano, tuzisome pamoja.