Meza na Kumeza

Jioni ya leo twataka kuzungumza habari za neno moja tu, nalo ni meza. Meza hiyo hiyo ambayo pengine mmeweka taa juu yake wakati huu mnapotusikiliza.

Hatuna budi kuanza kwa kuungama kosa. Zamani, tulipokuwa wageni katika kazi ya ualimu, mwanafunzi mmoja alituuliza asili ya neno hilo. Hatukupenda kuonekana wajinga mbele ya darasa, basi tukajibu upesi kwamba latoka katika kumeza, kwa sababu chakula huwekwa mezani kisha humezwa. Darasa zima likafurahi, wakaandika katika madaftari yao. Wengi wao sasa ni walimu, na bila shaka wafundisha vivyo hivyo. Kwa hiyo mazungumzo haya ni deni tunalolipa.

Neno kumeza ni letu tangu asili, nalo lina ndugu mbali sana na pwani. Waganda husema kumira, na watu wa Malawi, katika Kinyanja, husema kumeza kama sisi. Lakini tazameni: Mnyanja, ijapokuwa anayo kumeza, meza huiita tebulo, neno alilolipata kwa Waingereza, na Mganda, ambaye kumeza kwake ni kumira, meza huiita emmeeza, kwa kuwa alilipokea neno hilo kutoka Kiswahili. Kama meza ingalikuwa mtoto wa kumeza, yangalikwenda pamoja. Tena Kiswahili hakiundi jina kwa namna ile. Kutoka kuziba twapata kizibo, kutoka kufagia twapata ufagio. Hatusemi “ziba” wala “fagia” kuwa ni majina ya vitu.

Basi meza imetoka wapi? Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na Wareno wakatawala pwani hata ngome yao ya Mombasa, waliyoanza kuijenga mwaka 1593, ilipotwaliwa na Waarabu wa Oman mwaka 1698. Walituachia bendera, leso, karata na mvinyo. Wazee wetu walikula mkekani, chakula kikiwa katika sinia au chano. Mreno alikula juu ya mbao zenye miguu, akaziita mesa. Ndiyo meza yetu.

Mreno naye alirithi. Lugha yake, pamoja na Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano na Kirumania, ni watoto wa Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Katika Kilatini meza iliitwa mensa. Lakini watu wa kawaida, katika kusema, waliiacha ile n, wakatamka mesa. Wareno na Wahispania wakashika matamshi hayo. Warumania husema masă, na kwao neno hilo ni meza na pia ni mlo wenyewe. Waitaliano wamelihifadhi mensa, ila kwao ni mahali wanapolia pamoja wafanyakazi, askari au wanafunzi.

Ajabu ni kwamba ndugu wengine wa nyumba hiyo walikataa urithi huo. Kilatini kilikuwa na neno jingine, tabula, maana yake ubao. Wafaransa wakaufanya ubao kuwa meza, wakasema table. Waitaliano husema tavolo kwa meza yoyote, na tavola kwa meza iliyoandaliwa chakula. Na tavola hiyo hiyo yaweza kuwa ubao mtupu. Lakini kwa Wahispania tabla imebaki kuwa ubao. Mfaransa akienda Hispania, akaomba tabla apate kulia chakula, asishangae akiletewa ubao.

Waingereza, ambao lugha yao si mtoto wa Kilatini, walikuwa na neno lao wenyewe, board, nalo lilikuwa ubao, kisha meza, kisha chakula kinachowekwa mezani, mwisho wazee wakaao kuizunguka meza kwa shauri. Ndiyo bodi tunayoisikia siku hizi. Baadaye table ya Wafaransa ikashinda. Na kwa kuwa Warumi waliandika juu ya vibao vilivyopakwa nta, table ya Kiingereza ni jedwali la hesabu pia. Na kibao kidogo, tablet, kimekuwa kidonge cha dawa. Hicho ndicho kimezwacho kweli!

Twapenda kuongeza kisa kimoja, maana kidogo chatutetea. Virgil, mshairi wa Kirumi aliyefariki mwaka 19 kabla ya Kristo, asimulia habari za Aeneas na watu wake waliokimbia mji wa Troya. Walikuwa wametabiriwa kwamba njaa itawashika hata wale meza zao. Walipofika Italia waliketi chini ya mti, wakaweka matunda juu ya mikate membamba, wakala matunda, na kwa njaa wakala na mikate. Ndipo mtoto wa Aeneas, kwa mzaha, akasema kwamba walikuwa wamekula meza zao, na Aeneas akatambua kwamba utabiri umetimia bila madhara.

Lakini maana za neno zikigawanyika, si kila mara huishia kwa mzaha. Winston Churchill ameandika kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa wa Uingereza walikuwa na hati ya haraka, wakawaambia wenzao wa Marekani kwamba wataka kuitia mezani. Kwa Mwingereza, kutia hati mezani ni kuileta ijadiliwe. Kwa Mmarekani ni kuiweka kando isahauliwe. Wakabishana kwa muda mrefu, hata kwa ukali, kabla ya kutambua kwamba wote walitaka jambo moja. Katika Bunge la Tanzania, hati huwasilishwa mezani kwa maana ya Kiingereza cha Uingereza.

Na yule mwanafunzi aliyetuuliza, ikiwa yu karibu na redio jioni hii, twamwomba atafute daftari lake la zamani, aufute mstari ule. Tulimwandikia alama ya sahihi kwa mkono wetu wenyewe.